Ramani ya Watu Wote: Tuchore Kijiji Chetu Kabla ya Maafa

Tuseme mvua za masika zimenyesha siku 3 mfululizo. Usiku wa siku ya 4 mto umefurika na daraja limekwenda na maji. Asubuhi kitongoji kizima kimezungukwa na maji. Watu wamekimbilia kilimani. Habari zimefika wilayani kwa simu, na lori la unga, mablanketi na dawa limeondoka. Lakini dereva ni mgeni. Ameambiwa jina la kijiji tu. Daraja analolijua halipo tena. Je, apite wapi?

Sisi wenyeji tunajua. Iko njia ya ng'ombe inayopita nyuma ya shule na kutokea kilimani. Hata mtoto anayechunga mbuzi anaijua. Lakini dereva haijui, na afisa aliyemtuma haijui, kwa sababu haikuandikwa popote. Elimu hiyo imo vichwani mwetu tu.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuitoa elimu hiyo vichwani na kuiweka katika ramani. Tutaona pia kwa nini ramani hiyo inafaa iwe wazi kwa watu wote, isifungiwe katika kabati la mtu mmoja.

RAMANI NI NINI?

Ramani ni picha ya mahali iliyochorwa kama mtu anavyoona akiwa juu. Mfikirie mwewe angani. Mwewe haoni kuta za nyumba, anaona mapaa. Barabara kwake ni mstari. Mto ni mstari mwingine unaopindapinda. Ramani huchorwa hivyo.

Ramani nzuri ina mambo 4:

1. Mwelekeo. Ramani huonyesha kaskazini iko wapi. Ukisimama asubuhi ukalielekea jua linalochomoza, kaskazini iko upande wa mkono wako wa kushoto.

2. Kipimo. Mchoro ni mdogo na kijiji ni kikubwa. Kwa hiyo tunapatana. Kwa mfano, sentimeta 1 kwenye karatasi iwe sawa na meta 100 ardhini.

3. Alama. Shule, kisima, zahanati na daraja kila kimoja kina alama yake. Pembeni tunaandika maana ya kila alama.

4. Majina. Ramani isiyo na majina ni kama barua isiyo na anwani. Haimfikishi mtu popote.

Basi, tuangalie sasa nchi moja iliyopata maafa makubwa kabla ramani yake haijawa tayari.

MAMBO YALIYOTOKEA HAITI

Haiti ni nchi iliyo katika Bahari ya Karibi, mbali na hapa kwetu. Wananchi wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Walipigana, wakajipatia uhuru wao mwaka 1804.

Tarehe 12 Januari 2010, saa 11 kasoro dakika 7 jioni, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga karibu na mji mkuu, Port-au-Prince. Nyumba nyingi ziliporomoka, hata Ikulu. Kwa hesabu ya serikali ya Haiti, watu zaidi ya laki 2 walikufa. Wengine wapatao milioni moja na nusu walikosa makazi.

Vikosi vya uokoaji vilifika kutoka nchi nyingi. Walikuwa na mbwa wa kunusa watu chini ya vifusi. Walikuwa na madaktari na mahema. Lakini ramani za mji zilizopatikana kwa urahisi zilikuwa na mapengo mengi. Mitaa mingi haikuwamo. Ukisikia kwamba watu wamefukiwa mtaa fulani, na mtaa huo humo katika ramani, utaupataje haraka?

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2004 ilikuwepo ramani ya dunia inayoitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza na mtu mmoja aitwaye Steve Coast. Ramani hiyo iko katika intaneti, na mtu yeyote anaweza kuongeza anachokijua. Baada ya tetemeko, makampuni yenye setilaiti yaliruhusu picha zao za Haiti zitumike. Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia huko juu angani na kinaweza kupiga picha za ardhi. Mamia ya watu, kila mmoja nyumbani kwake katika nchi yake, walizitazama picha hizo. Palipoonekana barabara walichora mstari. Palipoonekana nyumba zilizoanguka waliweka alama. Palipoonekana kambi ya mahema waliiandika. Hakuna aliyelipwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Katika majuma machache tu Port-au-Prince ilipata ramani iliyojaa mitaa. Waokoaji waliitia katika vyombo vyao vya kuonyesha njia, wakaifuata.

Je, kazi iliishia hapo? Hapana. Mtu aliye mbali alikuwa ameona mapaa na njia, lakini majina hakuyajua. Kwa hiyo katika mwaka huo huo wa 2010 baadhi ya wachora ramani walikwenda Haiti, wakawafundisha Wahaiti wenyewe kuendeleza kazi. Watu hao waliunda chama kinachoitwa Humanitarian OpenStreetMap Team. Mwaka 2014 chama hicho, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani, Msalaba Mwekundu wa Uingereza na Madaktari Wasio na Mipaka, walianzisha mpango wa Missing Maps. Jina hilo maana yake ni ramani zinazokosekana. Kazi yake ni kuchora mahali penye hatari kabla maafa hayajafika.

Funzo la Haiti ndilo hilo: siku ya maafa si siku nzuri ya kuanza kuchora. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

RAMANI HURIA MAANA YAKE NINI?

Zipo ramani za kuuzwa. Zipo ramani zinazokaa ofisini na kutolewa kwa kibali. Ramani huria ni tofauti. Ina ruhusa 3:

Ya kwanza, kila mtu anaruhusiwa kuiona na kuinakili bila kulipa.

Ya pili, kila mtu anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yake: mwalimu, mganga wa zahanati, dereva, mfanyabiashara, hata serikali. Sharti ni kusema ilikotoka. Tena, mtu akiongeza habari katika mkusanyiko huo na kuutangaza, lazima naye auache wazi kwa wengine vilevile.

Ya tatu, kila mtu anaruhusiwa kuisahihisha. Daraja likianguka leo, mtu aliyeliona anaweza kuliondoa katika ramani leo hii.

Wengine watauliza, "Kwa nini tutoe bure kitu tulichokitolea jasho?" Ni swali zuri. Jibu ni kwamba wakati wa maafa hakuna nafasi ya kuandikiana barua za kuomba kibali. Hatujui pia ni nani atakayekuja kutuokoa. Labda ni jeshi, labda Msalaba Mwekundu, labda vijana wa kijiji cha jirani wenye mtumbwi. Ramani iliyo wazi humfaa yeyote atakayefika kwanza.

KAZI ILIYOFANYIKA HAPA TANZANIA

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi lilifurika. Watu zaidi ya 40 walikufa na maelfu walipoteza nyumba zao. Baadhi yao walihamishiwa Mabwepande.

Mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wameshirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata yao. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa na kuitwa Ramani Huria. Walioshirikiana ni Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Humanitarian OpenStreetMap Team, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi na wakazi walitembea kwa miguu mtaa kwa mtaa. Walichora nyumba, vichochoro, mitaro na makaravati. Waliandika mtaro upi umeziba kwa takataka. Waliwauliza wenyeji mafuriko hufika wapi.

Katika kazi hiyo walitumia simu. Lakini walitumia pia karatasi. Ramani ilichapishwa, mtu akatembea nayo na kalamu, akaandika juu yake anachokiona. Baadaye maandishi hayo yaliingizwa katika kompyuta. Kwa hiyo asiye na simu ya bei kubwa asikate tamaa. Mwenye kujua kusoma na kuandika anaweza kuchora ramani.

Jambo moja lilionekana waziwazi huko Dar es Salaam. Mipaka ya mashina haikujulikana vizuri kwa watu wa ofisini. Waliojua shina linaanzia wapi na kuishia wapi ni wajumbe wenyewe. Wachoraji wa ramani ilibidi watembee na mjumbe. Mwenye shahada alijifunza kwa mwenyeji.

Tuangalie pia mkoa wa Mara. Mjini Mugumu, wilaya ya Serengeti, iko nyumba salama inayowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msichana akiomba msaada usiku, lazima waokoaji wajue kijiji chake kiko wapi. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa mpango uitwao Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania katika ramani huria. Walio mbali huchora nyumba na njia kwa kutazama picha za setilaiti. Walio vijijini huongeza majina kwa simu zao. Waokoaji wa Mugumu wameitumia ramani hiyo kufika vijijini. Tena zipo programu za simu zinazoweza kuihifadhi ramani, ikatumika hata mahali pasipo na mtandao.

TUFANYEJE KIJIJINI KWETU?

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mpango. Tufuate hatua hizi:

Hatua ya 1. Suala lifikishwe kwenye serikali ya kijiji, kisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Basi ramani iwe kazi ya kamati hiyo, isiwe ya mtu mmoja.

Hatua ya 2. Tuchague kikundi chenye watu wa kila aina. Wazee wanakumbuka mafuriko ya zamani yalifika wapi. Akina mama wanajua kisima kipi hukauka na kipi hakikauki. Wachungaji wanajua njia za porini. Vijana wa bodaboda wanajua njia ipi ina utelezi. Mhudumu wa afya anajua vitongoji vilivyo mbali na zahanati. Tukiwaacha akina mama nje, ramani itakosa maji.

Hatua ya 3. Tuchore kwanza chini, kwenye uwanja. Majivu yawe barabara, majani yawe mto, mawe yawe nyumba. Watu wote wasimame kuzunguka na kusahihisha. Watabishana, na kubishana huko ni kuzuri. Wakikubaliana, tuhamishie mchoro kwenye karatasi kubwa.

Hatua ya 4. Tupime. Chukua kamba ya meta 50. Tembea urefu wake na uhesabu hatua zako. Tuseme umepata hatua 70. Sasa tembea kutoka shuleni mpaka kisimani. Ukipata hatua 700, umbali ni mara 10 ya kamba, yaani meta 500. Kwa kipimo cha sentimeta 1 kwa meta 100, utachora mstari wa sentimeta 5.

Hatua ya 5. Tuweke alama za mambo yanayookoa maisha: sehemu za mwinuko, visima, shule, zahanati, misikiti na makanisa ambayo watu wanaweza kukimbilia, madaraja, vivuko, na njia za wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Mahali maji yalipofika zamani tupachore kwa mstari wa rangi nyingine. Majina tuyaandike kama wenyeji wanavyoyatamka. Mahali pakiwa na majina 2, tuandike yote 2.

Hatua ya 6. Ramani ikikamilika tunakili. Nakala 1 ikae ofisi ya kijiji, 1 shuleni, 1 zahanati. Zote zikikaa nyumba moja, na nyumba hiyo ikachukuliwa na maji, tutakuwa tumefanya kazi bure. Kisha mwalimu au kijana mwenye simu aingize habari hizo katika ramani huria, ili aliye wilayani au mbali zaidi azione. Ajifunze kwanza, na ajaribu na mambo machache.

Hatua ya 7. Kila mwaka kabla ya masika tuipitie upya. Ramani huzeeka. Ramani inayoonyesha daraja lisilokuwepo ni hatari kuliko kutokuwa na ramani, maana mgeni ataiamini.

HABARI ZA UMMA NI HAKI YETU

Ramani tunachora sisi. Lakini habari nyingine zinakaa ofisini: mpango wa kujenga daraja, hesabu ya visima, taarifa ya mafuriko yaliyopita. Je, tunaruhusiwa kuziomba?

Ndiyo. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwananchi anaweza kuandika ombi kwa taasisi ya umma, na taasisi hiyo inatakiwa kumjibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Zipo taarifa zisizotolewa, kama zile za usalama wa nchi. Lakini taarifa za kisima cha kijiji si siri ya vita. Hapa ndipo tunapoona faida ya kujua kuandika. Maneno ya mdomo husahauliwa. Barua yenye tarehe na sahihi hubaki katika jalada.

Ukiwa na ramani mkononi, barua yako ina nguvu zaidi. Badala ya kusema "tuna shida ya maji", utasema "kitongoji chetu kina kaya 60, na kisima cha karibu kiko meta 3,000". Mkubwa wa ofisi atajibu nini? Hawezi kusema hakuelewa.

TUWE NA TAHADHARI

Ndugu msomaji, kitu kilicho wazi kwa watu wote huonwa pia na watu wabaya. Kwa hiyo yako mambo yasiyowekwa katika ramani huria.

Tusiandike majina ya watu juu ya nyumba zao. Tusiandike nyumba ya mgonjwa, wala ya mjane anayeishi peke yake. Tusiandike maficho ya mtu anayekimbia ukatili. Mahali patakatifu pa ukoo pasiandikwe bila idhini ya wenyewe. Habari za namna hiyo, kama vile mzee asiyeweza kutembea anakaa wapi, zinahitajika wakati wa uokoaji. Basi ziwe katika daftari la kamati ya kijiji, zisiwe katika intaneti.

Jambo jingine: ramani huria si hati ya ardhi. Mstari uliochorwa na kikundi haumpi mtu shamba wala haumnyang'anyi. Mambo ya mipaka ya mashamba yana sheria yake na vyombo vyake. Tuliseme jambo hili mapema kwenye mkutano, la sivyo watu watadhani wapimaji wamekuja kuwanyang'anya ardhi, na kazi itakwama.

Mwisho tukumbuke kwamba ramani haibebi unga. Haijengi daraja. Haivushi mtu mto. Inamwonyesha mwenye unga pa kupita, na inamnyima kiongozi mvivu sababu ya kusema kwamba hakujua. Kazi zinazobaki ni zetu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kipimo: uhusiano wa urefu kwenye karatasi na urefu ardhini.
Setilaiti: chombo kinachozunguka dunia angani.
Huria: isiyozuiwa, iliyo wazi kwa wote.
Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari bila malipo.
Takwimu: habari zilizokusanywa kwa hesabu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ramani za Haiti hazikutosha siku ya tetemeko?
2. Taja ruhusa 3 za ramani huria.
3. Mtu aliye mbali anaweza kuchora nini? Ni nini hawezi kukijua bila mwenyeji?
4. Hatua 70 ni meta 50. Umetembea hatua 2,100. Ni meta ngapi? Kwenye ramani yetu ni sentimeta ngapi?
5. Ni habari gani za kijiji chenu zisizofaa kuwekwa katika ramani huria? Toeni sababu.

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja amwulize mzee mmoja wa kitongoji chake: "Maji yaliwahi kufika wapi, na mwaka gani?" Aandike jibu katika daftari lake, pamoja na jina la mahali. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya ramani yetu.